Hayati Mwalimu Nyerere na Maji ya Ziwa Letu

Ni desturi ya jarida hili, kila tunapokutana wanafunzi wa zamani, kutoa kurasa chache kwa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, ili sisi wakubwa tukumbuke na vijana walio madarasani wajifunze. Safari hii tumemchagua mtu ambaye kila mtoto wa Tanzania anamjua kwa jina: hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Huenda msomaji akauliza kuna jipya gani la kusema juu yake. Habari za TANU, za Uhuru, za Muungano na za Azimio la Arusha zimeandikwa sana na hufundishwa darasani. Lakini upo upande mmoja wa kazi yake unaotuhusu sisi wa kando ya Ziwa Viktoria kuliko watu wengine, nao hausimuliwi mara nyingi. Upande huo ni jinsi alivyolijibu swali hili: mali ya asili iliyo ya mataifa mengi, kama vile ziwa, mto au wanyama wa porini, itunzwe kwa amri ya nani, na kwa mapatano ya nani?

KUZALIWA NA MASOMO

Kambarage alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, katika nchi ya Wazanaki, upande wa mashariki wa ziwa. Baba yake alikuwa Mtemi Nyerere Burito, na mama yake Mgaya wa Nyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Kambarage ni jina la mzimu wa mvua katika imani za kale za Wazanaki, na husimuliwa kwamba alipewa jina hilo kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua ilinyesha sana. Katika nchi ambayo mavuno, mifugo na hata heshima ya mtemi vyote hutegemea mvua, hilo halikuwa jina dogo.

Utoto wake ulikuwa kama wa watoto wengine wa kijiji, kuchunga na kulima. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge mjini Musoma, yapata kilometa 40 kutoka kwao. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Serikali ya Tabora. Siku zile njia ya kawaida ya mwanafunzi wa Musoma kwenda Tabora ilikuwa kupanda meli hadi Mwanza, kisha gari la moshi kuelekea kusini. Kwa hiyo bandari yetu ilikuwa mlango wa elimu kwa vijana wengi wa Kanda ya Ziwa.

Mwaka 1943 alikwenda Chuo cha Makerere, Kampala, na mwezi Desemba mwaka huohuo alibatizwa kwa jina la Julius. Huko Makerere alikaa bweni moja na vijana wa Uganda, Kenya na Unguja, na urafiki wa ujana ule ulimsaidia baadaye. Tangu 1946 alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, na mwaka 1952 akarudi na shahada yake. Alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, ndipo jina la Mwalimu lilipomganda. Januari 1953 alimwoa Maria Waningu Magige. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa, yeye akiwa Rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu.

SOMO LA USUKUMA

Kabla ya kufika kwenye habari za ziwa, yafaa tukumbuke yaliyotokea hapa Usukuma katika miaka ile, maana ndiyo yaliyoonyesha ugumu wa jambo tunalolisimulia. Tangu 1947 serikali ya kikoloni iliendesha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Usukuma. Wataalamu wa mpango ule walikuwa na sababu: ng'ombe walikuwa wengi, udongo ulikuwa unachukuliwa na maji, na miti ilikuwa inakwisha. Lakini dawa yao ilikuwa amri. Mkulima aliamriwa kulima matuta ya namna fulani, mfugaji aliamriwa kupunguza ng'ombe wake kila mwaka, na asiyetii alipelekwa barazani akatozwa faini.

Wananchi hawakuchukia udongo wao. Walichukia kuamriwa na mtu asiyewauliza. Hasira ile iliipa TANU nguvu nyingi, ingawa serikali iliipiga marufuku TANU isifanye kazi Usukuma tangu 1954 hadi 1958. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana hadi Mwanza mjini, na amri zile nyingi zikafa. Matuta yaliachwa. Somo lilikuwa wazi: hifadhi isiyo na ridhaa ya wanaoishi pale haidumu, hata ikiwa na sababu nzuri. Tutaona kwamba Mwalimu mwenyewe alilifuata somo hili mara nyingi, na mara moja alilisahau.

BARUA ZA MWAKA 1929

Sasa tuje kwenye ziwa. Ziwa Viktoria lina eneo la kilometa za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu iko Tanzania, sehemu kubwa ya nusu ya pili iko Uganda, na Kenya ina asilimia 6 hivi. Maji yake mengi hayatoki mitoni. Ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mto mkubwa uingiao ni Kagera, na mto utokao ni mmoja tu, Nile, pale Jinja.

Tarehe 7 Mei 1929 Uingereza na Misri zilibadilishana barua juu ya maji ya Nile. Uingereza ilisema kwa niaba ya nchi ilizozitawala, yaani Sudan, Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa barua zile, hakuna kazi ya umwagiliaji au ya umeme iliyoweza kufanywa katika Nile, matawi yake au maziwa inakotoka, ikiwa ingepunguza maji yafikayo Misri, mpaka Misri ikubali kwanza. Kambarage wakati huo alikuwa mtoto wa miaka 7 huko Butiama. Hakuna mtemi, mvuvi wala mkulima wa kando ya ziwa aliyeulizwa neno.

Tuwe waadilifu kwa Misri. Nchi ile karibu haina mvua, na watu wake huishi kwa mto mmoja. Sehemu kubwa ya maji yafikayo Aswan, kama asilimia 85, hutoka milima ya Ethiopia, wala haitoki kwetu. Hata hivyo hofu ya mtu mwenye kiu ni hofu ya kweli, na Mwalimu hakuidharau. Jambo lililokuwa gumu ni jingine: je, taifa lililozaliwa juzi lifungwe na ahadi iliyotolewa na mtawala wake?

UAMUZI WA MWAKA 1961 NA 1962

Uhuru ulipokaribia, Uingereza ilipendekeza kwamba Tanganyika ikubali kurithi mikataba yote iliyowekwa kwa niaba yake, kama makoloni mengine yalivyokubali. Wapo waliotaka kinyume chake, mikataba yote itupwe siku moja. Mwalimu, akiwa Waziri Mkuu, alikataa njia zote mbili. Siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, aliandika barua kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kueleza njia ya tatu. Mikataba ya nchi mbili ingeendelea kuheshimiwa kwa muda wa miaka 2, nchi nyingine nayo ikifanya vivyo hivyo. Katika muda huo kila mkataba ungetazamwa na kuzungumzwa. Ule ambao pande mbili zingekubaliana ungeendelea. Usiokubaliwa ungekoma, isipokuwa kama sheria ya mataifa yenyewe inaulazimisha. Wanasheria wa dunia wanauita msimamo huo kwa jina lake mpaka leo, na nchi kadhaa zilizopata uhuru baadaye ziliufuata au kuuchukua kwa namna yao.

Januari 1962 Mwalimu alijiuzulu uwaziri mkuu ili akaimarishe chama, na Ndugu Rashidi Kawawa akashika nafasi yake. Msimamo haukubadilika. Tarehe 4 Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba barua za 1929 haziifungi Tanganyika, kwa kuwa zilitaka haki ya nchi kuyatumia maji yake ingojee kibali cha nchi nyingine. Lakini barua ile ilikuwa na nusu ya pili, na vijana wakisoma historia wasiiruke. Ilisema kwamba Tanganyika inatambua umuhimu wa maji ya Nile kwa wote, na iko tayari kuzungumza na nchi zinazohusika ili zipatane juu ya matumizi ya haki. Haikudai kwamba maji ni yetu peke yetu. Ilidai kiti mezani.

Misri ilijibu mwaka 1963 kwamba makubaliano ya 1929 yanabaki mpaka yatakapowekwa mengine. Hapo pande mbili ziliachana kwa maneno, lakini hazikugombana. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa rafiki wa wapigania uhuru wa Afrika, na mwaka 1963 nchi hizi zilikaa pamoja Addis Ababa kuunda Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Na kama ajabu, ziwa lenyewe liliingilia mazungumzo. Mvua za mwisho wa 1961, zilizonyesha wakati bendera ya Uhuru ikipandishwa, zilikuwa kubwa mno. Kufikia 1964 kina cha ziwa kilikuwa kimepanda zaidi ya mita 2, na mashamba na nyumba za ufukoni zikafunikwa, kwetu, Kenya na Uganda vilevile. Hakuna nchi iliyoweza kueleza peke yake maji yale yametoka wapi na yangekwenda wapi. Kwa hiyo mwaka 1967 Tanzania, Kenya, Uganda, Sudan na Misri, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, zilianza uchunguzi wa pamoja wa maji ya maziwa Viktoria, Kyoga na Albert, ukiwa na makao yake Entebbe. Wale waliobishana juu ya karatasi sasa walipima mvua na mito kwa pamoja.

WANYAMA NA VISIWA

Fikra hiyohiyo Mwalimu aliitumia kwa wanyama. Septemba 1961, miezi 3 kabla ya Uhuru, ulifanyika mkutano mkubwa Arusha juu ya hifadhi ya wanyama na mali ya asili katika nchi mpya za Afrika. Wageni wengi walikuwa na hofu kwamba mzungu akiondoka wanyama watakwisha. Mwalimu, pamoja na mawaziri Chifu Abdallah Fundikira na Tewa Saidi Tewa, alitia sahihi tamko lililokubali kwamba wanyama hawa ni amana, na kwamba Watanganyika wataitunza kwa ajili ya wajukuu wao. Tamko lilisema pia kwamba kazi hiyo inahitaji wataalamu, mafunzo na fedha, na kwamba mataifa mengine yanayoithamini amana hiyo yashiriki kubeba mzigo. Inajulikana kwamba yeye binafsi hakuwa mtu wa kutumia likizo yake kutazama mamba. Aliwahifadhi kwa sababu ya wajibu, wala si kwa mapenzi ya kutembelea mbuga.

Matunda yake tunayo jirani. Chuo cha Mweka kilianza 1963 kufundisha maofisa wa wanyama kutoka nchi nyingi za Afrika. Kisiwa cha Saanane, kinachoonekana kutoka mjini kwetu, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, na sasa ni hifadhi ya taifa. Kisiwa cha Rubondo kilipelekewa sokwe kati ya 1966 na 1969 kutoka mabustani ya Ulaya, kwa juhudi za Profesa Bernhard Grzimek na chama chake cha Frankfurt. Sokwe wale waliozoea vizimba waliachiwa msituni, na wajukuu wao wako hai hadi leo. Mwaka 1977 Rubondo ikawa hifadhi ya taifa.

JUMUIYA, KUVUNJIKA NA KAGERA

Mwalimu aliamini kwamba nchi zinazochangia ziwa zingefaa ziwe kitu kimoja. Mwaka 1960 alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi za Afrika Mashariki ziungane kwanza. Shirikisho halikupatikana, lakini tarehe 6 Juni 1967 yeye, Mzee Kenyatta na Rais Obote walitia sahihi huko Kampala mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa vya pamoja. Utafiti wa samaki wa ziwa lote ulifanywa na shirika moja lenye makao Jinja. Jambo hili la mwisho halikuwa dogo. Tangu 1929 mtaalamu Michael Graham alikwisha kushauri kwamba nyavu za makila zisiwe na jicho dogo kuliko inchi 5, na kwamba ziwa lote liwe chini ya uangalizi mmoja, kwa kuwa samaki hajui mpaka.

Kisha mambo yaliharibika. Idi Amin alipotwaa Uganda mwaka 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja, na mkutano wa marais watatu haukukaa tena. Palikuwa pia na manung'uniko ya fedha na biashara kati yetu na Kenya. Katikati ya 1977 Jumuiya ilikufa. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa hadi mwishoni mwa 1983, na mali iligawanywa kwa taabu. Wanafunzi wetu wa miaka ile wanakumbuka kwamba meli ya MV Victoria, iliyokuwa ya wote, ilibaki kwetu Mwanza. Watafiti wa samaki nao waligawanyika, na mwaka 1980 Tanzania ikaunda taasisi yake.

Ubaya wa mgawanyiko ule ulionekana majini. Sangara, aliyepandikizwa upande wa kaskazini katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, alifika Ghuba ya Mwanza bila kuonyesha pasi kwa mtu yeyote. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 alikuwa amejaa kote, na furu wa aina mamia, wengi wao hawapatikani mahali pengine duniani, walikuwa wanatoweka. Kwa mwenye mtumbwi sangara alikuwa fedha. Kwa mtafiti alikuwa msiba. Lakini wakati wa kupima faida na hasara hiyo kwa pamoja, nchi tatu hazikuwa na chombo kimoja cha kulitazama ziwa lote.

Mwalimu hakukata tamaa. Tarehe 24 Agosti 1977, wiki chache tu baada ya Jumuiya kuvunjika, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia sahihi huko Rusumo mkataba wa kuliendeleza bonde la Mto Kagera. Mwaka uliofuata jeshi la Amin lilivamia hadi ukingo wa mto huohuo, na vita vya 1978 na 1979 vikapiganwa. Amani iliporudi, mwaka 1981, Uganda nayo iliingia katika mkataba. Shirika lile la Kagera lilikuwa maskini na likafungwa mwaka 2004. Mpango wake wa umeme katika maporomoko ya Rusumo, hata hivyo, haukufa. Kituo cha megawati 80, kinachogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kimejengwa na kinafanya kazi.

KOSA NA TIBA YAKE

Tulisema kwamba mara moja Mwalimu alilisahau somo la Usukuma. Kati ya 1973 na 1976 serikali yake iliwahamisha mamilioni ya wananchi wakaishi vijijini, na mahali pengi walihamishwa kwa nguvu. Shule na zahanati zilikaribia watu, ni kweli. Lakini huko Shinyanga wafugaji waliacha ngitili zao, yaani malisho yanayofungwa wakati wa masika ili majani yaote, kisha yafunguliwe wakati wa kiangazi. Watu na ng'ombe walisongamana mahali pamoja, miti ilikatwa, na udongo ulichukuliwa na mvua hadi kwenye mito, na mito ya Usukuma, kama Simiyu, huishia ziwani. Amri ilifanya tena kile ilichofanya zamani, ingawa safari hii ilitoka kwa viongozi wetu wenyewe.

Katika miaka ya mwisho ya urais wake Mwalimu alizuru Shinyanga, akaona nchi inageuka jangwa, na akasema hivyo hadharani. Matokeo yake, mwaka 1986, ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uitwao HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye wataalamu wa kilimo cha miti kutoka Nairobi. Wataalamu hao walifanya jambo ambalo wakoloni hawakulifanya: waliwauliza wazee. Wazee walijibu kwamba ngitili zirudi, zilindwe na sungusungu na mabaraza ya vijiji. Mwaka 1986 ngitili zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Mwaka 2002 mpango huo ulipewa tuzo ya kimataifa huko Johannesburg.

MIAKA YA MWISHO

Mwalimu alistaafu urais Novemba 1985 na uenyekiti wa CCM mwaka 1990. Aliongoza Tume ya Kusini, iliyotetea nchi maskini zisemeane badala ya kuamuliwa na wakubwa, na tangu 1996 alikuwa msuluhishi wa Burundi. Muda uliobaki alikuwa Butiama, akilima.

Tarehe 22 Februari 1999, jijini Dar es Salaam, nchi za bonde la Nile zilianzisha chombo chao cha ushirikiano. Misri na Tanzania zilikaa meza moja juu ya maji, miaka 37 baada ya barua ya 1962. Mwalimu alikuwa bado hai. Alifariki London tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo kwa ugonjwa wa kansa ya damu, akazikwa kwao Butiama. Tarehe 30 Novemba 1999 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizaliwa upya kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha. Hakuiona kwa wiki 7 tu.

YALIYOFUATA

Maisha ya mtu mkubwa hayaishii kaburini, kwa hiyo tuseme kidogo juu ya yaliyofuata.

Wengi tuliosoma hapa tulitoka Kahama, Maswa, Nzega na Shinyanga. Tulifika Mwanza tukashangaa kuona maji yasiyo na mwisho, huku nyumbani mama zetu wakiamka alfajiri kuchimba mchanga wa mto mkavu ili wapate ndoo moja. Mwaka 2004 serikali iliamua kuyavuta maji ya ziwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama, kwa fedha zake yenyewe. Misri ilinung'unika. Serikali ilijibu kwa msimamo uleule wa 1962, ikaendelea, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa. Baadaye, kwa mkopo wa India, bomba liliendelea hadi Nzega, Igunga na Tabora. Hivyo maji ya ziwa yamefika katika mji alikosoma na kufundisha Kambarage, mtoto wa mvua. Maji yanayochukuliwa na bomba hilo ni kidogo sana ukilinganisha na yanayotoka Jinja kila siku, wala Nile haikukauka.

Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulifunguliwa kwa sahihi Entebbe tarehe 14 Mei 2010, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 4 za kwanza kutia sahihi. Unasema kwamba kila nchi ina haki ya kuyatumia maji kwa kiasi cha haki, na wajibu wa kutowadhuru wenzake. Misri na Sudan zimeukataa. Burundi, Ethiopia, Rwanda, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda zimeuridhia, nao ulianza kuwa sheria tarehe 13 Oktoba 2024, siku moja kabla ya kutimia miaka 25 tangu Mwalimu afariki.

Wala tusidhani kwamba tofauti hiyo imetufanya maadui. Bwawa kubwa la umeme katika Mto Rufiji, linaloitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere na lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa na makampuni ya Misri. Bwawa hilo nalo lina mjadala wake, kwa kuwa limo ndani ya eneo lililokuwa la pori la Selous ambalo dunia nzima ililiorodhesha kuwa urithi wake. Swali la amana na wajibu aliloliacha Mwalimu Arusha mwaka 1961 bado linatudai jibu.

Na ziwa letu pia linatudai. Shirika la pamoja la uvuvi la nchi tatu liliundwa 1994, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ina makao yake Kisumu. Magugumaji yaliyoziba bandari zetu miaka ya 1990 yalipunguzwa kwa sababu wadudu wa kuyala waliachiwa pande zote za ziwa. Nchi moja ikifanya peke yake, upepo ungeyarudisha. Lakini nyavu zenye jicho dogo bado zinatupwa usiku, na maji machafu ya miji yetu, Mwanza ikiwemo, bado yanaingia ziwani. Mikataba mikubwa inaweza kusainiwa Entebbe na Arusha, lakini mwisho wake hutimizwa au kuvunjwa kwenye mwalo, kwenye mfereji na kwenye shamba la kando ya mto.

Hayo ndiyo tuliyotaka vijana wayachukue katika maisha ya mtu huyu. Alipodai haki ya nchi yake hakusahau kiu ya jirani. Aliposhikamana na jambo hilo alifaulu, na serikali yake ilipowaamuru watu bila kuwauliza ilishindwa kama wakoloni walivyoshindwa. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi wa maji, wengine maofisa wa uvuvi, wengine wanasheria mtakaotumwa kuizungumzia Tanzania katika mikutano ya Nile. Mkikaa kwenye meza hizo mkumbuke kwamba kiti hicho kilidaiwa na Mwalimu aliyetoka ng'ambo kidogo tu ya ghuba hii, nanyi someni kwa bidii ili mjue la kusema mtakapoulizwa.

Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Amina.